Hati Yenye Shaka Jikoni

Wahasibu tuna imani moja ambayo watu wengine hawana: tunaamini kwamba kitu kikishahesabiwa, kinatulia. Ukiandika magunia arobaini, basi magunia ni arobaini, na yakipungua yuko mtu wa kujibu. Imani hiyo ilinilisha miaka mingi, mpaka Machi 17, 2020, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, wakabaki wanafunzi wawili: binti wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume wa darasa la kwanza. Mke wangu ni muuguzi, na muuguzi mwaka ule hakuwa mtu wa kuombwa akae nyumbani. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Bibi na mtaa mzima umeiga, alikuwa na jiko lake la kuliangalia. Ofisi yetu ilikuwa imepunguza zamu. Ukiondoa mmoja mmoja, mwalimu nilibaki mimi.

Maswali waliyopewa na shule yaliisha upesi. Runingani kulikuwa na vipindi vya masomo, ila vilikuja wakati umeme umekatika, au labda umeme ulikatika kila vipindi vilipokuja, sikufanya uchunguzi. Ndipo nikakumbuka habari za Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907, akawa anafundisha hesabu kwa kuwashikisha watoto shanga: moja peke yake, kumi kwenye waya, mia kwenye mraba. Mkono ushike kwanza, kichwa kitafuata. Wazo zuri kabisa. Sisi shanga hatukuwa nazo. Tulikuwa na karanga.

Montessori alinizidi akili kwa mambo mengi, lakini lililo kubwa ni hili: shanga haziliwi.

"Una karanga kumi," nilimwambia kijana. "Toa nne. Zimebaki ngapi?"

Alitoa nne, akazitia mdomoni. Akatafuna bila haraka, akazitazama zilizobaki, akachukua mbili nyingine.

"Nne," akasema.

"Jibu ni sita."

"Zilikuwa sita, Baba. Umeuliza zimebaki ngapi."

Nilitafuta kosa katika hoja ile kwa uangalifu ninaotumia kwenye vocha za posho ya safari. Sikuliona. Dada yake, aliyekuwa akijifanya anasoma Historia, alisogea mezani kuja kusaidia, na karanga zikaisha kabla hatujafika kwenye kujumlisha. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Mtoto huyu hakosei," alisema. "Wewe ndiye unayechelewa kuuliza."

Jioni mke wangu alirudi, akafungua kabati, akalifunga, akalifungua tena.

"Karanga za kuungia kisamvu ziko wapi?"

"Zimetumika kwenye elimu."

"Vielelezo?"

Vielelezo ndivyo vilivyokuwa vimeliwa. Ilikuwa Machi, mwezi ambao ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais, na hati safi na hati zenye shaka huzungumzwa hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Jiko letu lilipata hati yake usiku uleule, na haikuwa safi.

Nikahamia kwenye maharage makavu. Nani atakula haragwe kavu? Hoja ilikuwa na nguvu. Nilichosahau ni kwamba mwili wa mtoto una milango mingine zaidi ya mdomo. Tulikuwa tukipanga mafungu ya kumikumi juu ya mkeka, ili kijana aone mwenyewe makumi na mamoja yanavyoachana. Fungu la mwisho lilikuwa na tisa.

"La kumi liko wapi?"

Akainua kidole, akaigusa pua yake. "Liko humu. Nimelihifadhi."

Nilimpigia mke wangu. Alinijibu kwa sauti ya wodini, siyo ile ya nyumbani. Usichokonoe, alisema, utalisukuma ndani. Usilale nalo pia, haragwe likipata unyevu linavimba. Ziba tundu lisilo na kitu, weka mdomo wako juu ya mdomo wake kama unambusu, puliza mara moja kwa nguvu. Nikaziba, nikaweka, nikapuliza. Haragwe likatoka, likanipiga shavuni, likaangukia mkekani. Binti akalichungulia, akachukua kalamu.

"Kumi," akaandika. "Jumla imekaa."

Trei ya mayai ilikuwa wazo la binti mwenyewe, na mpaka leo naiona kuwa kitabu cha kuzidisha kisicho na mfano: mistari mitano, kila mstari mayai sita, na mayai ni thelathini bila mtu kukariri jedwali lolote. Zaidi ya hapo, ukiigeuza robo mzunguko unapata mistari sita ya mayai matanotano, mayai yaleyale, na mtoto anaelewa kwa macho kwamba tano mara sita na sita mara tano ni kitu kimoja. Nikamwambia kijana: "Geuza trei." Kijana huyu amelelewa jikoni kwa Bibi. "Geuza" kwake ni amri ya chapati. Akatia vidole chini ya trei, akageuza.

Yalibaki mayai 19. Nilimwambia binti kwamba 19 ni namba tasa, kwa sababu mwalimu hapaswi kupoteza nafasi. Mengine kumi na moja tuliyakusanya kwa upawa, tukakaanga, tukagawia na majirani, na usiku ule hati ya jiko ilishuka daraja.

Sasa nije kwenye chapati, maana hapo ndipo nilipoona kwamba wazo lenyewe halikuwa bovu, ubovu ulikuwa wa vifaa.

Binti alikuwa amefikia duara: kipenyo, nusu kipenyo, mzingo, na ile pai ambayo watoto huipokea kama wanavyopokea dawa ya minyoo, wanameza bila kuuliza. Nikamwambia hatutaimeza, tutaipima. Nikakanda unga mwenyewe. Nikasukuma. Nikachoma. Kilichotoka kilikuwa chapati kwa maana ya unga na mafuta. Binti aliizungushia uzi, akaukata, akaunyoosha juu ya rula: sentimita 58. Akapima chapati penye upana mkubwa kuliko kwingine: sentimita 20. Akagawanya.

"Baba, pai yako ni mbili nukta tisa."

"Pima tena."

Akapima tena. Mbili nukta tisa.

Hapa naomba nafasi kidogo, kwa sababu jambo hili ni tamu na vitabu vya shule hulipita. Umbo lolote ambalo kingo zake hazijabonyea ndani, ukichukua mzingo wake ukaugawanya kwa upana wake mkubwa kuliko wote, hutapata kamwe zaidi ya pai. Duara peke yake, na maumbo ya ajabu yenye upana uleule kila upande, ndiyo yanayoifikia 3.14 na ushei. Mengine yote hubaki chini, na kadiri umbo linavyorefuka na kubanwa, ndivyo jibu linavyoteremka kuelekea 2. Kwa hiyo uzi na rula vinatosha kumpa mpishi maksi. Sijui kwa nini wakaguzi wa hoteli hawatumii kipimo hiki.

Binti alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Alikwenda jikoni na uzi wake, akainua kawa, akachukua chapati ya Bibi. Kipenyo, sentimita 21. Mzingo, 66. Ishirini na mbili juu ya saba, haikuzidi, haikupungua. Alipima ya pili. Alipima ya tatu. Bibi alimtazama mjukuu wake akizungushia nyuzi chakula cha watu.

"Kuna nini?"

"Chapati zako ni pai, Bibi."

"Ni chapati," alisema Bibi. "Na zinapoa."

Kwa muda baada ya hapo kila cha mviringo nyumbani kilipimwa: vifuniko, sahani, kopo la maziwa, ungo, kibandiko cha dawa ya mbu. Mimi nikaleta machungwa ya Muheza, yale ambayo ganda lake hubaki la kijani hata yakiiva, kwa ajili ya somo ninaloliheshimu kuliko yote. Kata chungwa katikati. Weka nusu yake juu ya karatasi, uso wa bapa chini, uchore mzunguko wake kwa kalamu. Chora duara hilo mara tano au sita. Kisha menya chungwa lote, uchane ganda vipande vidogo, ujaze maduara moja baada ya jingine bila kuacha nafasi. Ganda litajaza maduara manne, kisha litaisha. Lile la tano litabaki tupu. Ndivyo eneo la uso wa tufe linavyopatikana, mara nne ya duara lake la katikati, na Archimedes alilithibitisha jambo hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita bila kuchafua karatasi ya mtu. Binti alijaza la nne mpaka kipande cha mwisho, akaangalia mkono wake mtupu, akaangalia duara la tano, akasema "Aa!" kwa sauti ambayo mwalimu anaweza kuishi kwayo mwaka mzima. Kijana alipata mrashi wa ganda jichoni na akalia, lakini ni chungwa, si asidi. Na hili ndilo somo pekee ambalo mwanafunzi alikula ushahidi wote bila kuharibu matokeo, kwa kuwa tulichohitaji kilikuwa maganda.

Mwishoni mwa Aprili Ramadhani ikaingia, nikaendelea kufundisha kwa chakula nikiwa nimefunga. Simshauri mtu. Saa tisa alasiri, eneo la pembetatu ya sambusa linaacha kuwa nusu ya kitako mara kimo. Linakuwa jambo la binafsi. Mwezi ule pia sukari iliadimika madukani na bei yake ikapaa, kwa hiyo asilimia zilijifundisha zenyewe. Kila aliyetumwa dukani alirudi na swali lililokwisha tungwa.

Sehemu ndizo zilizonishinda. Nilikuwa nimepanga kuzifundisha kwa mkate wa kumimina, kwa kuwa ni wa duara, unakatika vizuri, na watoto walikuwa wanausubiri tangu unapoumuka. Bibi aliutoa jioni moja kabla ya futari, umepasuka kidogo juu, unanukia nazi na iliki. Nikashika kisu. Nikaanza kueleza kiasi na asili, namba ya juu na namba ya chini, nikaona macho ya wanafunzi wangu yamegota kwenye mkate na masikio yamefungwa. Bibi akaninyang'anya kisu kwa upole anaonitendea tangu nikiwa mtoto.

"Hivyo hawatakuelewa," alisema. "Tuseme baba yenu amekufa."

"Mama, mimi nimekaa hapa."

"Tuseme."

Watoto waligeuka wakanitazama kwa hamu mpya. Lazima nieleze kwamba Bibi hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani, na Babu alipofariki alikaa kwenye kikao cha mirathi mpaka shilingi ya mwisho, kwa hiyo hesabu ya sehemu anaijua kutoka upande ambako makosa yana gharama. Alianza kugawa. Mke wa marehemu, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumuni. Mama wa marehemu, ambaye ni yeye mwenyewe, anapata sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, na wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike.

"Haya, binti. Thumuni na sudusi zinakaa pamoja kwenye ngapi?"

"Ishirini na nne," alisema binti, ambaye kwangu mimi alikuwa hajawahi kutafuta kigawe kidogo cha shirika bila kulalamika.

"Mama yako ngapi?"

"Tatu."

"Mimi?"

"Nne. Zinabaki kumi na saba." Akanyamaza kidogo. "Kumi na saba haigawanyiki kwa tatu, Bibi."

"Basi ukate mkate vipande vingi zaidi."

Ikawa sabini na mbili. Mke wangu 9, Bibi 12, kijana 34, binti 17. Binti alijumlisha kwa kidole hewani, ikatimia 72. Kisha akarudi kwenye ile 34.

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye ndiye atakayekutunza."

"Ananitunza lini, Bibi? Karanga zangu alikula yeye."

Kikao kikachafuka. Kijana, aliyekuwa hajaelewa lolote isipokuwa kwamba ameshinda, aliuliza swali la kiungwana: "Na Baba anapata ngapi?"

"Marehemu hali," alisema Bibi.

Na adhana ikaadhiniwa. Nilifungulia tende na maji, nikatazama mkate uliogawiwa wote kwa haki na mimi simo. Bibi alitaka kuthibitisha, kwa hiyo alianza kukata vipande 72 kweli. Alipofika kama arobaini mkate ukawa chenga, tukaula kwa vijiko, na katika ule mchanganyiko nami nikajipatia haki yangu kimyakimya.

Baadaye nilimwambia Mama kwamba al-Khwarizmi, yule bingwa wa Baghdad wa karne ya 9 aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya wasia na mirathi. Hakushangaa.

"Kumbe na yeye alikuwa na ndugu," alisema.

Kauli ile ilinifungua macho kuliko mafunzo yoyote niliyowahi kulipiwa na ofisi. Katika vitabu vyetu Juma ana maembe saba na hakuna anayemwonea wivu. Anampa Asha matatu bila manung'uniko, anabaki na manne, swali limekwisha. Mtoto gani aliwahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo? Wanangu walishindwa na karanga kwa sababu sikuwapa sababu ya kuzihesabu zaidi ya kunifurahisha mimi. Kwenye mkate walihesabu kwa sababu kila mmoja alikuwa na mashaka na mwenzake. Tangu siku ile niliacha kutafuta vyakula vizuri vya kufundishia, nikaanza kutafuta ugomvi mzuri.

Wa kwanza ulikuja wenyewe, juu ya chapati ya mwisho. Niliwapa sheria moja: mmoja akate, mwingine achague. Kura ikamwangukia binti kukata. Chapati ilikuwa kati ya zile zangu, kwa hiyo hapakuwa na katikati ya wazi. Alileta rula bila kutumwa. Alileta uzi. Aliikunja, akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akagundua kwamba upande mmoja ni mnene, kwa hiyo nusu ya eneo si nusu ya chapati. Akahamisha mstari milimita chache kuelekea upande ule mnene, akapumua, akakata. Mdogo wake alizipima kwa viganja, moja huku, moja huku, akabadilisha mikono, akapima tena. Akachagua. Chapati ilikuwa ya baridi kabisa, na hakuna aliyelalamika. Mtihani wa taifa nimewahi kuusimamia nikiwa kijana wa kujitolea; umakini wa namna ile sikuuona.

Kwa watu wawili sheria hiyo ni ya zamani sana. Kuipanua ili iwafae watatu au zaidi kuliwasumbua watu wenye vichwa vyao. Mwanahisabati wa Poland, Hugo Steinhaus, aliandika juu yake mwaka 1948. Na karani wa Misri aitwaye Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, alinakili mafunjo ambayo leo yako British Museum, London, na ndani yake kuna swali hili: mikate 9, watu 10. Nililipeleka mezani. Jibu la haraka ni kumega sehemu ya kumi ya kila mkate: watu tisa wanapata kila mmoja mkate uliomegwa kidogo, na wa kumi anapata vile vipande tisa vilivyomegwa. Ukiniuliza kama mhasibu, hesabu imefungwa. Wanangu waliikataa palepale. Huyo wa kumi amepewa makombo, walisema, na angekuwa mmoja wao kesi ingefika kwa balozi wa nyumba kumi kabla ya daku. Jibu la Ahmes ni jingine: kila mtu apate theluthi mbili, na sehemu ya tano, na sehemu ya thelathini. Jumlisha, utapata tisa juu ya kumi vilevile, ila kila mtu ameandikiwa sehemu zilezile, kubwa, ya wastani na chembe, na hakuna wa kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Binti alilijumlisha mara mbili. "Huyu alikuwa na watoto," akasema.

Somo la mwisho la mwezi halikuwa langu. Ilikuwa zamu ya kupima mchele wa zaka ya fitri, na Bibi akatoa kibaba chake cha bati, kilichobonyea ubavuni, ambacho ni kikubwa kwangu kwa umri. Vibaba vinne ni pishi, kwa kila kichwa pishi moja, nasi tuko watano: vibaba 20. Kijana alipewa kazi ya kuhesabu na aliifanya kwa sauti ya kusikika barabara ya pili. Mimi nilileta mizani, maana kwa kilo watu huhesabu mbili na nusu kwa kila mtu, jumla 12.5, na nilitaka vitabu viwili vikubaliane. Havikukubaliana. Mizani ilisoma 14 na ushei. Nikatazama namna Bibi anavyopima, nikaona sababu: kibaba cha mfuto husawazishwa kwa kiganja, lakini cha kwake kilikuwa na kichwa, kilima cha mchele kinachomwagika pembeni kabla hakijafika kwenye mfuko.

"Mama, kuna ziada ya kama kilo moja na nusu."

"Naijua."

"Nitaiandikaje?"

"Ziada ya sadaka haina hoja," alisema, akajaza kingine, kwa kilima kilekile. Nilifikiria lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kofia juu ili mkulima wa viazi auze zaidi kwa bei ileile, nikaona kwamba nchi yetu inajua kurundika, inategemea tu rundo linaelekea kwa nani.

Asubuhi ya Idi, kabla ya kwenda kuswali, Bibi aliwafundisha watoto kwamba tende huliwa kwa witiri: moja, tatu, tano. Kijana alikula tatu. Akafikiri. Akauliza witiri kubwa kuliko zote ni ipi. Nilitaka kumweleza kwamba haipo, kwamba kila ukiipata unaweza kuongeza mbili, lakini nilitazama sinia la tende nikaamua kwamba jambo la namba zisizo na mwisho lisubiri shule zifunguliwe.

Zilifunguliwa Juni 29. Binti alikwenda na uzi kwenye mkoba. Kijana alikwenda na uwezo wa kutoa ambao mwalimu wake aliusifu, bila kujua uliigharimu nyumba karanga kiasi gani. Mke wangu alipitia kabati mwezi mzima bila kuandika hoja, na mimi nikarudi ofisini, mahali ambapo magunia yakiandikwa arobaini yanabaki arobaini mpaka mkaguzi aje.

Mzazi mwenzangu unayetaka kujaribu haya nyumbani, fursa iko palepale jikoni na haihitaji hela ya ziada. Anza na machungwa. Mpe mmoja kisu, mwingine haki ya kuchagua, nawe kaa mbali. Maharage yahesabu mwenyewe kabla na baada. Na ukifika kwenye trei ya mayai, iache juu ya meza ilivyo, azunguke mwanafunzi.